Kiti cha Pili cha Ndege ya Peru

Tak!

Kisha kimya. Kisha, tak! ya pili.

Hapo ndipo mgao wa umeme ulipotutenganisha Jumapili iliyopita, msomaji wangu. Chang'ombe yetu ya Dodoma yote giza, saa moja ya jioni, na Restuta amesimama sebuleni na sufuria ya uji mkononi, pumzi ameibana. Mlio ule anaujua. Ni vifungo viwili vya sanduku jipya la kwenda Peru. Na sanduku liko chumbani, chini ya kitanda. Na chumbani hakuna mtu.

Mwizi!

Restuta akaiweka sufuria chini taratibu. Akapapasa mezani, akapata mwiko wa ugali. Akanyata hadi mlangoni. Ndani, mfuko wa nailoni ulichakacha, na mtu akahema kama anayesukuma gari lililozimika.

"Nani humo?"

Mfuko ukachakacha tena.

"Nasema nani? Nina panga mimi!"

"Panga la nini tena, mwanangu? Lete kibatari. Sioni hili sanduku linajazwa kuanzia upande gani."

Mwiko ukamponyoka. Sauti ile ilikuwa ya mama mkwe wake!

Kibatari kilipowaka, mambo yakawa wazi, na afadhali yangebaki gizani. Bibi Raheli, aliyekuja juzi kutoka Mvumi "kuwaaga wasafiri," alikuwa amepiga magoti sakafuni, amevaa koti zito la mwanawe Seth, lile la kuendeshea lori nyakati za baridi. Magauni ya Restuta yametupwa kitandani. Mahali pake, sandukuni, pana mfuko wa mboga ya mlenda iliyokaushwa, Biblia, kanga mbili na kidumu cha maji.

"Shikamoo, mama," Restuta alisema. Alikuwa amekwisha kumwamkia asubuhi, ila mdomo haukupata neno lingine.

"Marahaba. Hivi huko mlenda upo?"

"Huko wapi?"

"Peru. Si ndiko niendako?"

"Mama... unakwenda Peru?"

"Kwani Seth hajakwambia?" Bibi Raheli alikisukuma kidumu kwa goti kiingie vizuri. "Jana, wewe ukiwa masomoni, nilimuuliza haya maneno ya Peru. Akasema, karibu mama, kiti kipo. Nikamjibu asante mwanangu, nakuja. Tangu hapo usingizi sina. Maji nabeba ya kwetu. Ya huko tumbo langu haliyajui."

Restuta akakaa kitandani, juu ya magauni yake mwenyewe.

Kiti kipo?

Ngoja nimsaidie aliyeanza kusoma leo kwa kuazima gazeti la jirani. Restuta ni mama wa mtoto mmoja, Edina, na mwanafunzi wa masomo ya jioni. Kampuni moja ya sabuni, hizi zilizoingia tangu biashara ilipofunguliwa milango, iliuliza swali redioni: ule mji wa kale wa mawe, uliojengwa mlimani kule mawinguni, uko nchi gani? Watu wakajibu Misri. Watu wengi mno wakajibu Misri. Restuta akajibu Peru, kwa kuwa wiki ileile mwalimu wa jiografia alikuwa ameuchora ubaoni. Zawadi yake: likizo Peru, yeye na mtu mmoja wa kumchagua mwenyewe.

Na mtu huyo kwake hakuwa fumbo. Ni mumewe. Sababu waliijua wawili tu, na sasa tunaijua na sisi. Siku ya harusi yao Seth alimpakia bibi harusi kwenye lori kumpeleka fungate. Lori likakwama kwenye tope Kongwa. Fungate yote wakailia chini ya lori, karanga mbichi, yeye na shela, bwana na tai. Seth akamshika mkono mlemle topeni, akamwambia, "Ipo siku tutakwenda mbali, mimi na wewe, na hatutasukuma kitu."

Restuta aliitunza siku hiyo kama mtu anavyotunza kanga ya sikukuu. Nyuma ya mlango wa chumba alikuwa amechora safari nzima kwa chaki: Lima, kuiona bahari ya upande wa pili wa dunia. Treni ya milimani. Kusko. Mji wa mawe. Ziwa Titikaka, kwenye mashua zilizosukwa kwa matete. Na kila mahali amechora vijitu viwili vimeshikana mikono. Kimoja kina gauni, kingine kofia ya dereva.

Sasa siku hiyo imefika, na imejaa mlenda.

"Na huyu mnyama wao," Bibi Raheli aliinua pakiti ya sabuni yenye picha, akaisogeza kwenye kibatari, "mbona ana shingo namna hii?"

"Anaitwa lama, mama. Kama... kama ngamia aliyezaa na kondoo."

"Anakamuliwa?"

"Sijui, mama."

"Basi mimi nitajua."

Restuta hakuwahi kujibu. "UUUUWIII!" mtaa mzima ulipiga kelele. Umeme umerudi! Redio tatu za majirani zikaanza kuimba nyimbo tatu, na mlangoni zikapigwa hodi mfululizo.

"Hodi! Hodi wenyewe! Kamati imefika!"

Jamani, kikao! Alikisahau kabisa.

Maana kwetu hapa safari si ya mtu mmoja. Ukivuka Morogoro tu, kamati inaundwa. Sasa sembuse Peru! Mwenyekiti ni Mzee Bashiri, jirani wa ukuta mmoja, mtu wa Kondoa kama Restuta mwenyewe, na humwita "binti yangu." Katibu ni Yasinta, fundi cherehani, aliyeingia na vitenge vya sare ya kusindikizia begani. Nyuma yao akafuata kijana wa tai, vumbi la Dodoma limemkaa hadi kwenye nyusi.

"Huyu ni Bwana Thobias," Mzee Bashiri alitangaza, kana kwamba amemzaa yeye. "Mjumbe wa kampuni ya sabuni. Ametoka Dar es Salaam kwa ajili yetu."

Bwana Thobias akapewa kiti chenye mto. Akapewa soda. Alipotaka kusema akapewa karanga.

"Mama Edina, hongera sana," alisema hatimaye. "Ila mimi nageuza kesho alfajiri. Jina la msafiri wa pili nalihitaji hapahapa, leo hii. Nikilikosa, kiti kinarudi kampuni."

"Hakuna taabu," alisema Restuta. Mara akamwona Bibi Raheli akitokea chumbani na lile koti, akaketi mkabala na Bwana Thobias na kumtabasamia kama watu waliokwisha kubaliana. "Tumsubiri... tumsubiri Baba Edina."

"Tusimsubiri!" Mzee Bashiri alisimama, akaiweka sawa baraghashia yake. "Wajumbe, ajenda ni moja, na wallahi ni nyepesi. Jina la msafiri wa pili. Jina hilo, kwa unyenyekevu mkubwa, ni langu."

Yasinta akadondosha vitenge.

"Lako?"

"Seth mwenyewe alinitamkia. Ijumaa, natoka msikitini. Nikamwambia bwana, ninyi mna bahati. Akanishika bega, akasema karibu mzee, twende. Nikasema inshallah."

"Haiwezekani!" Yasinta aliruka. "Kiti ni changu! Mimi nimeshajishonea na suti! Juzi alikuja kuchukua suruali yake, nikatania tu, shemeji niweke na mimi kwenye sanduku. Akanijibu karibu sana, shemeji, nafasi si ipo? Nikakata kitambaa usiku uleule!"

"Wanangu," Bibi Raheli alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kufungasha, "msigombane. Nitawaletea zawadi."

Jamani! Kiti kimoja, makalio matatu! Bwana Thobias alitafuna karanga akiwatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia sinema katikati ya picha.

Restuta hakuwa anacheka. Moyo wake ulikuwa unapiga hesabu nyingine. Mama mkwe, mwenyekiti, fundi. Wote wamegawiwa kiti kilekile. Na aliyegawa ni yuleyule wa kule topeni Kongwa.

Mlango ukafunguliwa.

Seth aliingia amembeba binti yao mabegani, Edina, wa umri wa chekechea, nywele zimesukwa mabutu. Upepo wa Juni huko nje ulikuwa unakata masikio, lakini uso wa Seth ulikuwa umelowa jasho.

"Heee, kumbe mmeshafika! Karibuni, karibuni..."

"Usitukaribishe tena!" walimjibu kwa pamoja.

Akasimama palepale.

"Baba Edina," Restuta aliuliza polepole, "kiti cha pili umempa nani?"

Seth akamtazama mama yake ndani ya koti. Akamtazama Mzee Bashiri. Akamtazama Yasinta, ambaye sasa alikuwa amekunja mikono. Akamshusha mtoto.

"Mimi? Sikumpa mtu."

"Ulisema karibu!" akafoka Mzee Bashiri.

"Lakini mzee wangu, hiyo si karibu tu? Kama ya chakula! Mtu akikukuta unakula, si unamwambia karibu? Naye si anasema asante, nimeshiba, anapita? Nimekaribisha watu miaka yote, hakuna aliyewahi kukaa!"

"Mimi nilikuwa na njaa," alisema Yasinta.

"Na mimi nikanawa mikono," alisema Bibi Raheli. "Ulitaka ninyanyuke na mikono imelowa?"

Bwana Thobias akapaliwa na karanga. Wakampiga mgongoni. Alipopata pumzi alitoa mkobani ndege ndogo ya plastiki, nyeupe, yenye jina la sabuni ubavuni, akampa Edina. Nadhani alitaka tu kupoza hewa.

Edina aliipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Akaipeperusha mezani, akaipitisha juu ya soda, juu ya vitenge, vuuuuu, mpaka ikatua pajani kwa baba yake, aliyekuwa ameketi kando ya mgeni.

Seth aliruka kama ametuliwa na nge! Soda ya mgeni ikamwagika, kiti kikaanguka.

"Mguu," alisema. "Umeniuma. Mshipa."

Hakuna aliyejali mshipa wake. Macho yote yalikuwa kwa Restuta, maana Restuta alikuwa amesimama.

"Nimeelewa," alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mtu mwenye hamu na chakula chake hukaribisha mara moja, kwa adabu, huku anaendelea kula. Lakini anayesimama mlangoni akakaribisha kila mpita njia, mama, njoo, mzee, njoo, shemeji, njoo, huyo chakula hakitaki. Anatafuta wa kumlia. Baba Edina, wewe Peru hutaki kwenda na mimi."

"Mama Edina, sikiliza..."

"Unataka niende. Niende mbali, na mama yako, au na jirani, au na yeyote. Wewe ubaki. Ubaki na nani?"

"Na nani vipi?"

"Ndiyo nakuuliza."

Yasinta alijikohoza. Wale wenye shoga fundi cherehani wanakijua kikohozi hicho.

"Mwenzangu, mimi sikutaka kusema. Lakini pale kwenye mashine yangu napaona barabarani vizuri. Tangu ushinde hii zawadi, kila jioni ukishakwenda masomoni, shemeji anapita na mtoto. Anaelekea kule uwanja wa ndege. Kila jioni. Na akirudi..."

"Akirudi nini?"

"Anatota jasho."

"Yasinta!" Mzee Bashiri alimkemea, ingawa na yeye alikuwa amejisogeza mbele asipitwe na neno.

"Seth," alisema Restuta.

Bibi Raheli akashika kifua. Tangu Edina azaliwe, mwanamke huyu hakuwahi kumwita mumewe kwa jina.

"Seth, kuna nani uwanja wa ndege?"

Seth alikiinua kiti kilichoanguka. Akakiweka sawa. Msomaji, huyu ndiye Seth aliyeshuka mlima Kitonga na lori lililokatika breki, huku akiimba tenzi za kanisani. Ndiye aliyeua nyoka swila jikoni kwa Mzee Bashiri kwa ndala yake mwenyewe. Nchi nzima ya Ugogo hakuna dereva anayemtisha. Sasa amesimama mbele ya mkewe mwenye kanga ya jikoni, ameushika mgongo wa kiti kama usukani.

"Hakuna mtu," alisema.

"Basi unaenda kufanya nini?"

"Jibu, mwanangu," alinong'ona Bibi Raheli. "Hata kama ni jambo baya, lijibu. Mimi nitakupiga baadaye."

Seth akatazama sakafu. "Siwezi kusema. Mbele za watu, siwezi."

Loo! Ilikuwa sawa na kukiri. Yasinta alijifunika uso kwa kitenge cha sare. Mzee Bashiri akavuta "Astaghfirullah" ndefu, na hata zile redio tatu za majirani zikawa kama zimepunguzwa, labda majirani nao walikuwa wanasikiliza.

Restuta aliingia chumbani. Wakamsikia akimimina vitu. Mlenda, Biblia, kanga, pwaa! kidumu. Kisha tak. Kisha tak. Akatoka amelibeba sanduku, na magauni yake ndani.

"Bwana Thobias, andika."

Kijana wa watu akafuta kalamu kwenye tai. "Niandike jina gani, mama?"

"Hakuna jina. Peru ibaki Peru. Andika kwamba siendi." Machozi yalikuwa yanamshuka lakini shingo ameisimamisha. "Mzee Bashiri, basi la Kondoa linaondoka asubuhi?"

"Linaondoka, binti yangu, lakini hebu..."

"Nitakuwemo. Hili sanduku litasafiri. Halikununuliwa bure."

"Mama Edina, usiandikishe hivyo!" Seth alimfuata, akaishika mikono yake juu ya mpini wa sanduku. "Nakuomba. Wewe nenda Peru. Nenda ukauone huo mji wako. Nitakusubiri hapahapa, nitapika, nitafua..."

"Na kule Kongwa ulisema nini?"

Seth akauachia mpini.

"Ulisema mimi na wewe. Mimi nimekuwa nikisoma hiyo ramani ya mlangoni gizani, kwa kibatari, na mtoto mgongoni, nikijua vijitu ni viwili. Niambie tu ukweli. Ukiniambia ukweli nitajua pa kuweka mguu. Kuna nani kule?"

Akamtazama. Na kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze, aliona kitu machoni pa mumewe ambacho hakukitegemea. Haikuwa hatia. Ilikuwa aibu, aibu tupu ya mtoto aliyejikojolea darasani.

"Mama Edina," Bwana Thobias aliingilia kwa sauti ya chini, kalamu iko juu ya karatasi, "nikishaandika, halifutiki. Niandike kwamba huendi?"

Restuta akavuta pumzi. "An..."

Kanga yake ikavutwa kwa chini.

Alikuwa Edina. Ndege ya plastiki ameibana kwapani. Jioni zote zile alikuwa pale, mabegani, kwenye uzio wa uwanja wa ndege, na alikuwa amechoka kusubiri wakubwa wamuulize.

Akamtazama mama, akawatazama wote, akasema kwa sauti ya kuamkia wageni:

"Tunakwenda kujizoesha. Baba anaogopa ndege."